Skrini isitufutie uzito wa samaki

Mhariri,

Mwandishi wenu wa teknolojia aliwashauri vijana wanaotengeneza programu za kompyuta ya mezani waziepuke lugha za kifunksheni (lugha za programu ambazo kwa kawaida hazibadilishi data, huunda nyingine mpya), eti data zake hazielewani na skrini. Mimi ninaandika programu za mizani kwa wanunuzi wa sangara hapa Mwaloni, Kirumba, tena kwa F#, mojawapo ya lugha hizo. Naomba nafasi nimpinge.

Tatizo lenyewe lipo, sikatai. Rekodi ya F#, yaani fungu la data kama la mzigo mmoja, kwa kawaida ikishaundwa haibadiliki. Iunganishe kwa kusoma tu na dirisha la WPF, mfumo wa kuchora madirisha ya programu za Windows, uzito utaonekana vizuri. Karani akitaka kuandika humo humo, programu inagoma, maana rekodi haina pa kuandikia. Mzigo mpya ukiingia, jedwali halina habari: WPF husubiri kitu kiseme kimebadilika, na hapa hakuna kilichobadilika, imeundwa orodha nyingine. Bei ya aina ya option, yaani inayoweza kuwepo au kukosekana, nayo hutokea kama Some(7500) mbele ya mama wa dagaa. (F# na WPF zote ni za Microsoft. Huwezi kudhani.)

Wengi hukimbilia CLIMutable, alama inayowekwa juu ya rekodi ili iweze kuandikwa kutoka nje, iliyokuja na F# 3.0 mwaka 2012. Kisanduku kitaandikika kweli, lakini jumla iliyo chini ya dirisha haitaarifiwa, na rekodi ya zamani imeshapotea.

Njia ninayoitumia ilienezwa na lugha ya Elm ya Evan Czaplicki, na kwa WPF ipo maktaba (msimbo ulioandikwa tayari) ya Elmish.WPF. Karani akisahihisha kilo 42 ziwe 24, skrini haigusi data, inatuma ujumbe. Funksheni moja inapokea hali iliyopo, yaani data zote za programu kwa wakati huo, pamoja na ujumbe huo, inatoa hali mpya. Maktaba inalinganisha hali hizo mbili na kuarifu visanduku vilivyohusika tu. Ni kama daftari la karani makini: kosa hukatwa mstari, haliparuzwi kwa wembe. Hali za nyuma ninazihifadhi, hivyo mvuvi akibisha uzito, tunafungua ya kwanza tukiwa naye.

Ugumu ninaoujua uko kwenye orodha ndefu. Kila mstari upewe namba yake ya kudumu, la sivyo maktaba haitajua mzigo upi ni upi na mstari aliouchagua karani utampotea. Hilo ndilo mwandishi wenu angewaonya vijana.

Mtengeneza programu,
Kirumba, Mwanza