Vibarua hatuna wa kututetea

Mhariri,

Januari 1947, marehemu babu yangu alikuwa kuli bandarini Mombasa mji ulipogoma. Kuanzia tarehe 13, kwa takriban siku 12, makuli, watu wa reli, wahudumu wa hoteli na maboi wa majumbani waliacha kazi. Kila siku walikusanyika kwenye uwanja walioupa jina Kiembeni, wakasikilizana na kuamua pamoja. Babu alisema hata kuli asiye na viatu alisimama akasema, na akasikizwa. Chege Kibachia, aliyekuja kuwaongoza, alikamatwa Agosti mwaka huohuo na kupelekwa uhamishoni Kabarnet, mbali huko bara.

Mimi ni kibarua kwenye ghala moja, mwaka wa sita sasa. Kila jioni naachishwa, kila alfajiri nasimama langoni tena kuchaguliwa. Tulipogoma mwezi uliopita, aliyetuambia turudi kazini hakuwa tajiri. Alikuwa kiongozi wa chama chetu wenyewe, tena alikwisha kutia saini makubaliano ambayo hatujayaona hadi leo. Polisi walikuja baada yake. Hilo la polisi halikuniuma kama la chama, maana pesa za chama natoa mimi.

Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mfanyakazi haki ya kugoma. Hakikusema kibarua abaguliwe. Nawaomba viongozi wetu waje pale langoni saa kumi na moja alfajiri, watusomee walichotia saini.

Kibarua,
Changamwe, Mombasa