Simu yapita kwangu, bei ni ya mnara

Mhariri,

Nyumba yetu hapa Mkomani, Lamu, ni ya matumbawe na chokaa, kuta zake unene wa dhiraa nzima. Ukiingia chumba cha ndani, mtandao wa simu hufa. Miaka yote tumekuwa tukikimbilia darini kuzungumza, majirani wakisikia habari zetu zote. Juzi nikawasha ile huduma ya kupiga simu za kawaida kupitia waifai, na sasa naongea nikiwa nimejilaza kitandani. Nikikata simu, salio limeliwa senti zile zile za mnara.

Hapo ndipo nina neno.

Nikipiga kupitia mnara, kampuni hutumia masafa iliyoyalipia leseni, mitambo inayokula umeme, dizeli ya jenereta stima zikipotea, na njia ya kuvusha mawasiliano kutoka kisiwani hadi bara. Nikipiga kwa waifai, upande wangu sivigusi vyote hivyo. Sauti hukatwakatwa vipande vidogo, hufungwa kwa siri, na kupita kwenye kisanduku changu, kwa tokeni zangu za stima, kwa intaneti ninayoilipia kila mwezi, hadi langoni pa kampuni. Kazi yao huanzia hapo: kuitambua laini yangu na kuniunganisha.

Kweli, mamangu yuko Faza na kabambe yake, simu ndogo isiyo na WhatsApp, na simu humfikia kwa mnara wa huko. Ndiyo maana siombi bure. (Na anayeniambia nitumie WhatsApp hajamwona mamangu na kabambe hiyo.) Lakini safari ina nusu mbili, moja naibeba mimi, na ya pili tayari ina kipimo cha bei. Simu ikitoka mtandao mmoja kwenda mwingine, kampuni ya anayepiga huilipa ya anayepokea kwa kazi ya kuifikisha. Machi 2024 Mamlaka ya Mawasiliano iliishusha ada hiyo kutoka senti 58 hadi senti 41 kwa dakika. Basi kama kuifikisha simu kwa mamangu ni kazi ya senti 41, kilichobaki nakatwa kwa kazi gani?

Tena kila anayehamia waifai anamwachia mwenzake nafasi mnarani. Kwa mji huu, ulio urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001, huwezi kusimika mnara juu ya kila paa, kwa hiyo nafuu hiyo si ndogo kwao.

Naomba kampuni zitenge bei ya simu za waifai. Wakati huo huo, Mamlaka izitake zionyeshe katika taarifa ya matumizi dakika zipi zilipita mnarani na zipi kwa waifai ya mteja. Wasiseme hawazijui. Nikitoka tu barazani, simu yangu yenyewe huandika kiooni kwamba imehama.

Mkaaji wa Mkomani,
Lamu