Ratiba ya televisheni ya umma iheshimiwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu ratiba za televisheni za umma. Ombi langu ni kwamba siku ya chaneli ya umma ibaki na vipindi vya kila aina, na kila kipindi kilindiwe saa yake, hata siku ambayo kuna shughuli ya kurushwa moja kwa moja.

Mimi ni fundi cherehani hapa Muheza. Televisheni iko ukutani, juu ya meza ya kukatia, na huwashwa tunapofungua hadi tunapofunga. Kifurushi kikiisha, king'amuzi cha antena hubakiza chaneli za bure, kwa hiyo siku nyingi tunachotazama ni chaneli ya umma. Asubuhi wateja hukuta magazeti yakisomwa na mahojiano. Mchana huja afya, kilimo, vipindi vya watoto, muziki wa dansi au taarabu. Karibu na sikukuu, kazi zikiwa nyingi, taarifa ya habari ya saa mbili usiku hutukuta bado tunashona.

Mchana mmoja kulikuwa na kipindi cha kilimo kuhusu muhogo. Mtaalamu alikuwa shambani, akang'oa shina ambalo majani yake kwa macho ya wengi wetu hayakuwa na kasoro, akachukua kisu akaukata mzizi vipande. Ndani palikuwa na madoa ya kahawia, makavu na magumu. Akaeleza kuwa huo ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia, kwamba unaenezwa na nzi weupe, na vilevile na mkulima mwenyewe anapokata vipando kwenye shamba lenye ugonjwa na kuvipanda kwenye shamba jipya. Dukani alikuwepo mama mmoja mtu mzima aliyeleta gauni la kupunguza. Akaniomba nisimamishe cherehani asikie vizuri. Miaka yote alidhani muhogo wake unaoza kwa sababu anachelewa kuuvuna, na kila msimu alikuwa akichukua vipando kutoka shamba lilelile. Mtangazaji akaahidi kwamba sehemu ya pili, kuhusu mbegu zinazostahimili na mahali pa kuzipata, itarushwa wiki inayofuata, siku ileile na saa ileile.

Wiki iliyofuata mama yule akaja. Gauni alikuwa ameshalichukua, alichofuata ni kipindi. Saa ile kulikuwa na uzinduzi: meza kuu ikitambulishwa mmoja mmoja, vikundi vya ngoma, salamu, hotuba, kisha salamu tena. Chini ya kioo hapakupita hata mstari mmoja wa maandishi kusema kipindi cha kilimo kimehamishiwa lini. Alisubiri kwenye benchi zaidi ya saa nzima, akaaga. Sitaji chaneli, kwa sababu mtindo huu nimeuona kwenye zaidi ya moja.

Sisemi shughuli za taifa zisionyeshwe. Sikukuu ya Muungano, sikukuu ya Uhuru, Mapinduzi, msiba wa kiongozi, hayo ni yetu sote na tunataka kuyaona mwanzo hadi mwisho. Lakini uzinduzi wa jengo au wa mkakati fulani unaweza kabisa kuelezwa kwa dakika tano ndani ya taarifa ya habari, na mwananchi akaelewa kilichozinduliwa, kimegharimu kiasi gani na kitamfaa nani. Pengine ataelewa zaidi kuliko akikaa saa tatu akisikiliza itifaki.

Januari 2016 Serikali ilipotangaza bungeni kwamba TBC, shirika la utangazaji la taifa, haitarusha tena vikao vyote vya Bunge moja kwa moja, sababu iliyotolewa ilikuwa gharama. Mimi nilitaka vikao viendelee kuonyeshwa, lakini nakubali kwamba magari ya matangazo, satelaiti na mafundi vinahitaji fedha. Basi hesabu hiyohiyo ipigwe kwa kila uzinduzi. Na kwenye hesabu hiyo kiingizwe kipindi kilichoondolewa, pamoja na watu waliokuwa wakikisubiri.

Wenye umri wangu tumekulia na Redio Tanzania Dar es Salaam. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu 1974, ila Bara tulibaki na redio hadi 1994, zilipoanza stesheni za binafsi, na televisheni ya taifa ikaja miaka kadhaa baadaye. Redio ile moja ilibeba kila mtu ndani ya siku moja. Mgonjwa aliye wodini alikuwa na Ugua Pole, watoto walikuwa na Mama na Mwana, mkulima alikuwa na saa yake, na usiku kulikuwa na Mazungumzo Baada ya Habari. Hukuhitaji kuambiwa saa, ulijua kwa kusikia wimbo wa kuanzia kipindi.

Uaminifu wa saa uliwahi kufanya kazi kubwa katika nchi hii. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya, na watu wapatao milioni mbili walijiunga na vikundi vya kusikiliza redio. Walikutana saa ya kipindi, wakasikiliza, wakasoma vijitabu walivyogawiwa, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo, kufyeka vichaka na kufukia madimbwi ya mbu. Miaka miwili baadaye ikafuata Chakula ni Uhai kwa utaratibu huohuo. Jiulize, Mhariri, kama wanavikundi wangefika, wakawasha redio na kukuta hotuba ya uzinduzi mahali fulani, wangerudi mara ngapi?

Na hili si la zamani tu. Machi 2020 shule zilipofungwa kwa ajili ya korona, masomo yaliyoandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania yalirushwa redioni na kwenye televisheni, TBC ikiwemo. Watoto wa majirani walikuja kukaa kwenye mkeka hapa dukani, katikati ya vipande vya vitambaa, madaftari magotini, wakiandika haraka kabla mwalimu hajafuta. Wazazi wao hawana simu za kupakulia masomo. Walichokuwa nacho ni saa wanayoijua na kioo cha jirani. Shule zilipofunguliwa, wakarudi madarasani. Sioni kwa nini somo moja la hisabati na moja la sayansi yasiwe na saa yake ya kudumu kila jioni, kwa sababu mtoto aliyeachwa nyuma darasani bado yupo.

Najua nitajibiwa kwamba siku hizi kila mtu ana simu, achague anachotaka na muda anaoutaka. Wengi wa wateja wangu hununua bando la siku, na wanaliwekea hesabu. Halafu simu hukuletea zaidi ya kile ulichokwisha kukitazama. Mama yule hakuja dukani kutafuta habari za muhogo na asingejua aandike nini ili azipate, maana alidhani tatizo lake ni kuchelewa kuvuna. Kipindi kilimkuta akisubiri gauni. Vivyo hivyo kijana wa bodaboda aliyekuja kusikiliza matokeo ya mpira akajikuta anatazama daktari akieleza dalili za kifua kikuu. Chaneli ya mpira peke yake, au ya tamthilia peke yake, haiwezi kumfanyia mtu hivyo. Ndiyo maana namuomba kila anayepanga ratiba asiifanye chaneli ya umma kuwa ya jambo moja, hata kama jambo hilo linapendwa na wengi. TBC walipoanzisha TBC Safari Channel mwishoni mwa 2018 kwa ajili ya utalii, waliipa chaneli yake mahsusi. Shughuli ndefu nazo zingeweza kutafutiwa mahali pake, chaneli kuu ikaachwa iendelee na siku yake.

Kuna mteja wangu mwingine ambaye ni kiziwi. Yeye huja wakati wa taarifa ya habari kwa sababu ndipo anapomwona mkalimani wa lugha ya alama. Zikiingia hotuba za moja kwa moja, mara nyingi mkalimani hayupo, na mteja huyo anabaki akituangalia sisi nyuso zetu. Mkalimani awepo kila zinaporushwa shughuli hizo, na kile kidirisha chake kiongezwe ukubwa, mikono ionekane.

Kwa hiyo naziomba televisheni za umma, Bara na Visiwani, kipindi kinapoondolewa kitangaziwe saa nyingine siku hiyohiyo, kwa sauti na kwa maandishi. Vipindi vya kilimo, afya na masomo virudiwe usiku au mwisho wa juma, ili mama lishe na kibarua wa shamba waweze kuviona. Na wewe Mhariri, magazeti yetu zamani yalichapisha ratiba ya redio na televisheni kila siku, nasi tuliikata na kuibandika ukutani. Nakuomba uirudishe, hata ikiwa safu moja nyembamba karibu na ukurasa wa michezo, ikiwa na saa na jina la kipindi.

Fundi cherehani,
Muheza, Tanga