Barua ya wazi kwa wadogo zangu mnaohamia nyumba ndogo

Wadogo zangu,

Salaam nyingi. Watoto wenu wameshajitegemea, kazi mmestaafu, na sasa mnaacha nyumba za vyumba vingi kwenda kwenye nyumba ambayo sebule yake haifiki nusu ya mnayoiacha. Mmekuwa mkiniuliza mmoja mmoja: kabati hili nilifanyeje, meza aliyoniachia mama naipeleka wapi. Nimeona niwajibu wote kwa pamoja. Sehemu kubwa ya umri wangu imeishia karakana nikitengeneza samani za watu, na mimi mwenyewe nimeshahama hivyo hivyo, kwa hiyo vumilieni kidogo mzee wenu akiongea sana.

Msianze kwa kutafuta cha kutoa. Chagueni cha kubaki nacho. Mtu akisimama mbele ya kila kitu akijiuliza "nikitoe hiki?", kila kitu kitapata wa kukitetea, na siku itakwisha hakijatoka hata kigoda. Anzeni na ile nyumba mpya ikiwa tupu. Chukueni karatasi ya miraba, kila mita moja ya chumba iwe sentimita 5 kwenye karatasi, mchore kuta, madirisha, soketi za umeme, na milango inafungukia upande gani. Kateni vipande vya karatasi vya kitanda, kochi na meza kwa kipimo kilekile, kisha mvisogeze huku na huku. Njia ya kupita isipungue sentimita 75, na ikifika 90 ni raha zaidi, hasa kwa anayetembea na mkongojo. Nyuma ya kiti cha kulia chakula acheni nafasi kama hiyo, kwa sababu kiti huvutwa mtu anapokaa. Kila mlaji anataka kama sentimita 60 za ukingo wa meza. Ila kosa ninaloliona zaidi ni kupima kabati likiwa limefungwa. Droo ikivutwa hula karibu nusu mita nyingine mbele yake, na bado wewe unayeivuta unahitaji pa kusimama.

Karatasi hiyo itawaondolea nusu ya ugomvi. Kitanda kisichoingia hakiingii, hakuna wa kulaumiwa. Moyo muuhifadhi kwa vichache vitakavyobaki kwenye mizani.

Katika hivyo vichache, viti ndivyo ningewaomba mviangalie kwa makini kuliko vyote, na ndivyo watu huvipita haraka. Kaeni kwenye kila kiti, kisha msimame bila kushika kitu. Kochi la chini, laini, linalommeza mtu hadi kiunoni, lilikuwa zuri mlipokuwa na miaka thelathini. Sasa goti ndilo linaloamua. Kiti chenye kimo cha sentimita 45 hadi 50 kutoka sakafuni, chenye mikono imara ya kujisukumia, kina thamani kuliko seti nzima ya makochi. Kama kile cha zamani cha baba kina kimo hicho, kibakizeni hata kama kitambaa kimechakaa. Kitambaa hubadilishwa.

Halafu pindueni kila kitu mkione chini. Mbele ya samani hupambwa. Ukweli uko chini na nyuma. Toeni droo nzima mwangalie kona zake. Ukikuta mbao mbili zimekatwa meno yakaumana kama vidole vya mikono miwili, na meno yenyewe hayalingani sawasawa, hapo mkono wa fundi ulipita, na kitu hicho kikilegea kitafunguliwa, kitapakwa gundi, kitaishi tena. Ukikuta kona imepigwa pini tu, na ubao wenyewe ni ule wa vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi, msihangaike nao. Ubao huo ukishalowa huvimba na haurudi, na skrubu ikitoka kwenye tundu lake mara mbili tatu haishiki tena. Fenicha za namna hiyo nyingi huhimili kuhama mara moja. Ya pili huacha bawaba njiani.

Mkiona vitundu vidogo vya milimita moja au mbili, msipige kelele kwanza. Vitundu hivyo ni mahali mdudu alipotokea, si alipoingia, na huenda aliondoka zamani. Futeni unga wote, tandazeni karatasi nyeusi chini, msubiri wiki kadhaa. Unga mpya mweupe ukidondoka juu ya karatasi, bungua bado wamo, na kitu hicho kisiingie nyumba mpya kabla hakijatibiwa. Na samani ya zamani iliyopakwa rangi msiikwangue kwa msasa mkavu, wajukuu wakiwa karibu ndiyo kabisa. Rangi za zamani nyingi zilikuwa na risasi, yale madini yenye sumu. Marekani, kwa mfano, iliipiga marufuku kwenye rangi za nyumbani na kwenye samani mwaka 1978 tu.

Kinachofunguka kina nafasi kubwa ya kubaki. Kiti nambari 14 cha Michael Thonet, fundi samani Mjerumani, kilichotoka mwaka 1859, kilikuwa vipande sita vya mbao, skrubu kumi na nati mbili, na viti 36 vikiwa vimefunguliwa viliingia kwenye sanduku moja la mita moja ya ujazo. Yule mzee aliwaza kuhama kabla ya kukaa. Vivyo hivyo meza ya mbawa, inayokunjwa ikaegemea ukuta siku za kawaida na kukunjuliwa wageni wakija: hiyo msiitoe hata mkibembelezwa.

Kwa mnaohamia nchi nyingine, au mnaotaka kumuuzia mtu wa nje: samani za miti adimu zina sheria zake. Mti wa Brazili unaoitwa kitaalamu Dalbergia nigra umo tangu 1992 kwenye Kiambatisho cha kwanza, yaani orodha kali kuliko zote, cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, na kuuvusha mpaka bila vibali ni kujitafutia balaa. Vipambo vya pembe za ndovu vivyo hivyo. Ulizeni kabla ya kufunga mizigo.

Sasa watoto. Waulizeni mapema, tena muwaulize swali ambalo "hapana" ni jibu halali. Wengi wao wanaishi kwenye vyumba vidogo kuliko mnakokwenda ninyi. Mtoto akilikataa lile kabati kubwa la vyombo hajamkataa bibi yake. Msimlazimishe akaliweka kwake kwa aibu, kila akiligonga kidole usiku awakumbuke ninyi kwa hasira. Na makabati ya namna hiyo, niwaambie tu, ndiyo magumu kuuza: mnunuzi halipi miaka mliyoishi nalo, analipa nafasi alizonazo, na nafasi hana. Mkipata anayelitaka bure na atakayelitumia, mpeni na msaidieni kulibeba.

Mume na mke msipokubaliana, kila mmoja apewe kitu kimoja kisichojadiliwa. Kimoja tu. Wangu alichagua meza ya kushonea isiyo na cherehani, na mpaka leo sijauliza kwa nini. Aliyefiwa hivi karibuni asiamue lolote kama hakuna kinachomharakisha. Kiti cha marehemu kinaweza kungoja.

Kukodi stoo ya kuweka vilivyowashinda kuamua, sikupendi. Mkilazimika, bandikeni tarehe kwenye kila kitu, na mtu mmoja akabidhiwe kuifuatilia, la sivyo kodi mtakayolipia kochi itazidi bei ya kochi lenyewe.

Mwisho kabisa, kabla chochote hakijatoka mlangoni, toeni droo zote mpaka mwisho, mzigeuze, mpapase nyuma na chini ya kila rafu. Hati za viwanja, vyeti vya kuzaliwa, barua, pete: watu wa zamani walikuwa wakivibandika huko, na karatasi nyingine huteleza zenyewe nyuma ya droo zikakaa miaka. Mbebaji hatafuti. Tafuteni ninyi, mchana, na tochi mkononi.

Mzee wenu,
fundi samani mstaafu