Mwanangu, yule mtoto bado yuko baharini

Mwanangu,

Hujambo baba. Huku sisi wazima, bibi yako magoti yanamsumbua kama kawaida yake mvua zikianza ila mikono mizima, anasuka tu.

Nimeona meseji yako ya WhatsApp ya juzi, umeandika saa saba usiku kwamba "mama ile hadithi naiacha, sina mzuka nayo tena". Nimeisoma alfajiri nikitoka kuswali nikakaa nayo mkononi. Sikukujibu pale pale maana majibu ya simu yanakuwa mafupi na hili si jambo la kujibiwa kwa kidole kimoja, nikasubiri leo Jumamosi hamna shule nikae nikuandikie kwa urefu. Usome ukiwa umetulia, kama upo kwenye Mwendokasi umesimama basi iache mpaka ufike geto.

Kwanza nikwambie kitu ambacho sikuwahi kukwambia. Zile sura saba ulizonitumia mimi sikuzisoma peke yangu. Kila ulipotuma nilikuwa namsomea bibi yako baada ya isha, yeye pale barazani na ukindu wake mimi na simu, na we unamjua bibi yako, hakai kimya. Mjomba akimpiga yule mtoto anasonya, mama yake akificha hela kwenye debe la mchele anasema "hapo sawa". Sasa sura ya saba umetuachia mtoto wa miaka kumi na mbili kwenye mashua, wametoka Kipumbwi wanaenda Mkokotoni, usiku, tanga limechanika na mjomba amelala homa. Halafu ukanyamaza. Huu mwezi wa nane tangu unyamaze. Bibi yako kila wiki ananiuliza, "mume wangu kamfikisha yule mtoto?" Na mimi sina la kumjibu.

Sasa we unaniambia huna mzuka. Baba, nakuelewa kuliko unavyofikiri.

Mwaka 1994 nikiwa chuo cha ualimu nilianza hadithi yangu. Ya msichana aliyekuwa anauza vitumbua stendi ya mabasi na anajisomea vipande vya magazeti vya kufungia vitumbua. Niliandika kwenye kaunta buku, nikafika ukurasa wa sitini hivi. Wenzangu bwenini walikuwa wananigombania, taa zikizimwa wanasoma kwa kibatari. Halafu nikasoma kitabu kimoja kizuri sana cha mtu mwingine, nikarudi kuangalia changu nikakiona kama uji wa juzi. Nikaanza kurekebisha sura ya kwanza. Nikairekebisha tena. Nadhani niliiandika mara tisa ile sura, inazidi kuwa nzuri kweli, lakini msichana wangu alibaki palepale stendi hasogei. Nikapangiwa shule, nikaolewa, nikakuzaa wewe, kaunta buku ikaja kulowa mwaka ule paa lilipovuja na wino ukayeyuka wote. Mpaka leo mwanangu nikipita stendi nikaona msichana na beseni la vitumbua moyo unashtuka kidogo, kama nina deni. Sijui kama alisoma. Sijui kama mama yake alipona. Ni mimi peke yangu duniani niliyekuwa naweza kujua na nikaacha.

Ndo maana sikukubalii kirahisi.

Nimekuwa nafikiria sana hizi siku mbili ni nini hasa kinachokukwamisha, nikapata jibu nikimwangalia bibi yako. Hebu kumbuka mkeka unavyotengenezwa, maana umekulia pale ila ulikuwa unakimbilia mpira. Anachana miyaa, anaianika, mingine anaitia rangi kwenye sufuria, ndo anaanza kusuka ukili. Na ukili we unaujua, ni mkanda tu, mwembamba, mrefu, hauna sura ya mkeka wala ya kitu chochote. Anasuka pima ya leo, pima ya kesho, anakunja duara anaweka nyuma ya mlango. Hapo katikati ukimwambia "bibi mbona hapa pamelegea" anakujibu "ntapaona kwenye kushona". Haufumui! Wiki zinapita anarefusha ukili tu. Zikitimia pima anazozitaka ndo anachukua sindano, anazungusha, anashona ukili kwa ukili, na hapo ndo unaona anakata pabaya, anageuza rangi ikae vizuri, anabana kingo. Kusuka kazi moja, kushona kazi nyingine, hata kukaa kwake kunabadilika.

We unasuka na kushona kwa wakati mmoja baba. Nimeona kwenye yale mafaili, sura ya pili umenitumia matoleo manne, "sura2 mpya", "sura2 mpya kabisa", "sura2 ya mwisho", "sura2 ya mwisho hii ndo". Mtu wa namna hiyo mzuka lazima umwishie, kila siku anakaa na makosa yake ya mwezi wa tatu badala ya kukaa na yule mtoto kwenye mashua. Nakuomba kuanzia leo usifungue sura ya kwanza mpaka ya saba. Usizifungue kabisa. Ukikumbuka kosa andika kwenye kijidaftari pembeni, "rudi hapa", basi, endelea mbele. Mfano mimi nimeliona moja tangu zamani nikakaa nalo: sura ya tatu umesema Januari mashua zinasukumwa na kusi, wakati Januari ni kaskazi inavuma, kusi mpaka mwezi wa nne huko. Hata bibi yako aliguna. Lakini usilishughulikie sasa hivi, liandike tu. Na nakwambia hilo kosa lina faida, kwa sababu ukishaamua safari yao ni ya kaskazi au ya kusi tayari utajua upepo unawapeleka wapi tanga likichanika, pengine ndo njia ya sura ya nane yenyewe. Muulize mtu wa mashua kabla hujaamua, Pangani wapo wazee kibao wanangoja kuulizwa.

Jambo la pili ni hilo la kungoja mzuka. Bibi yako hangoji. Nimeishi naye miaka yote hii sijamsikia anasema leo sijisikii kusuka. Ila ana ujanja mmoja nimeugundua hivi karibuni tu, na nilipomuuliza akacheka akasema alifundishwa na mama yake: hauachi ukili pale miyaa ilipoishia. Akiona miyaa inakaribia kwisha anachomeka mipya kwanza, anasuka vidole viwili vitatu, ndo anaweka chini anaenda kupika. Kesho yake akiushika tu mkono unajua pa kuanzia, hafikirii. Nakuomba na wewe ufanye hivyo hivyo. Usimalize tukio ndo ulale. Acha katikati, mtoto ameinua mkono kushika kamba, funga laptopu. Utaamka unataka kujua kaishika au la.

Na pima yako iwe ndogo. Nasema ndogo kweli, maneno 300 kwa siku. Ukiyasema kwa sauti ni voisi noti ya dakika tatu hivi, we voisi noti unazomtumia yule mwenzako ni ndefu kuliko hizo. Kwa jinsi hadithi ilivyofika nakadiria imebaki kama maneno 12,000, gawanya kwa 300 unapata siku arobaini. Siku arobaini baba! Miezi minane umeshindwa kitu cha siku arobaini. Sikusemi, nakuonyesha tu kwamba mlima si mrefu kama unavyouona saa saba za usiku. Siku ukichoka kuandika irekodi, toka kazini unatembea unaongea na simu watu watadhani unapiga simu, ukifika unaandika ulichosema. Hadithi zetu mbona zilikuwa za mdomo tu. Mtu akishasema "paukwa" watoto wakaitikia "pakawa" hakuna njia ya kurudi nyuma, hawezi kufika katikati akasema jamani samahani mwanzo haukukaa vizuri nianze tena, watoto watalia. Lazima amfikishe sungura kwake. Akisahau kipande anaunga, anaimba kidogo huku anakumbuka, anaendelea. Sisi tuliojifunza kuandika ndo tumejipa hii ruhusa ya kuishia njiani, na mimi sidhani kama imetusaidia.

Kingine, andika mwisho sasa hivi. Leo. Ukurasa mmoja wa mwisho kabisa, hata kama hujui utafikaje. Mtoto amefika Mkokotoni au hakufika? Mjomba yu hai? Mama yake kule nyumbani anasikia habari kwa nani? Nahisi ndo unapopakwepa, kwa sababu yule mjomba najua ni nani na we unajua najua. Hukumwita jina lake lakini kikohozi kile na ile kofia vyote vya marehemu baba yako mdogo. Unaogopa kumuua kwenye hadithi na unaogopa kumwacha hai kwa sababu kweli alikufa. Ulikuwa na miaka kumi na moja, ulikaa siku tatu huongei. Mwanangu, kama ni hilo basi si mzuka uliokuishia, ni machozi, na hayo yanaandikika. Andika vyote viwili, ukurasa mmoja anakufa ukurasa mmoja anapona, uone mkono wako unataka upi. Ukitaka kulia lia, halafu andika. Na ukihitaji kuniuliza habari zake za mwisho niulize, nimekaa nazo miaka mingi sijazisema kwa mtu, ntakwambia zote.

Umesema pia kwamba "hata nikimaliza nani atachapa". Hili nalo linanisumbua kidogo. Mwaka jana niliwapeleka wanafunzi wangu Machui kwenye kaburi la Shaaban Robert, mtoto mmoja akaniuliza mwalimu huyu kazi yake ilikuwa nini, kuandika tu? Nikamwambia hapana, karani. Kazaliwa Vibambani hapahapa Tanga 1909, kaanza ukarani wa forodha 1926, Pangani kakaa, kahamishwa huku na huku, karani wa serikali maisha yake karibu yote, na kalamu anaishika akishatoka kwenye kalamu ya mwajiri. Ule utenzi wake wa vita vya 1939 hadi 1945 una beti kama 3,000. Ukachapwa 1967. Yeye kafariki 1962. Yaani hakukiona kitabu, lakini kwa sababu aliumaliza palikuwa na kitu cha kuchapa. Ingekuwa ameacha beti ya mia tano akingoja ajue nani atachapa leo tungesoma nini?

Siku hizi kuna hii Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ilianza kutolewa Aprili 2023, na riwaya wanapokea. Peleka ukimaliza, sikukatazi, tena tarehe ya mwisho ya kupokea miswada inasaidia kumsukuma mtu. Ila usiandike sura ya nane ukiwafikiria majaji. Mfikirie bibi yako na ukindu wake, yeye ndo msomaji wako, anasonya palipo pabaya na anasema "hapo sawa" palipo sawa, na hana haja ya kukufurahisha. Mtumie kila sura ikitoka, mbichi hivyo hivyo, voisi noti nzuri zaidi maana macho yangu ya usiku nayo siku hizi hayaivumilii simu. Akiuliza "halafu?" ujue umepatia. Akianza kuulizia chai ujue hapo pamelegea, andika kwenye kijidaftari, songa.

Nimekutumia mzigo kwa basi la kesho asubuhi, ukachukue stendi ya Magufuli pale Mbezi, risiti nakutumia picha. Kuna kaunta buku mbili za kwaya tatu, kalamu za bluu, na mkeka mdogo bibi yako kasema uutandike uukalie wakati wa kuandika, usilale juu yake. Chini ya mkeka kuna mkate wa kumimina, ule mapema usije ukachacha. Kondakta nimempa namba yako.

Jumatatu usiku baada ya isha sisi tutakuwa barazani. Dakika tatu tu baba. Hata kama ni mtoto anatafuta kopo la kumwagia maji nje, tutasikiliza.

Mama yako.