Vimbunga vya 2019 na pwani yetu

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu vimbunga vya 2019 imeeleza vizuri Idai kilivyoipiga Beira, Msumbiji, usiku wa Machi 14 na, wiki sita baadaye, Kenneth kilivyotua Cabo Delgado, ng'ambo tu ya Mto Ruvuma. Tatizo ni kwamba inamwacha msomaji akidhani pwani ya Tanzania ni mtazamaji. Aprili 1872 kimbunga kiling'oa mikarafuu ya Unguja na kuzamisha majahazi bandarini. Pemba ikanusurika, ikawa ndiyo ngome ya karafuu hadi leo. Mwaka 1952 ikawa zamu ya Lindi. Hidaya nacho kilikuja Mei 2024, wengi wakiona msimu umeshakwisha.

Tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa zipo, tena siku hizi hutoka mapema. Lakini mvuvi wa ngalawa anayetoka alfajiri hana habari na ramani za rangi zinazozunguka kwenye simu za watu. Halmashauri za pwani ziwape viongozi wa BMU (vikundi vya wavuvi vya kusimamia rasilimali za uvuvi) kazi ya kupandisha bendera nyekundu dikoni tangu jioni, na chombo kitakachokaidi kisimamishiwe leseni.

Msomaji wenu,
Kilwa Masoko