Uingereza ilidai bahari, ikasahau soko

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nimjibu mwandishi wa safu ya maoni ya Jumapili iliyopita, aliyezitaka nchi zetu za Afrika Mashariki ziige Uingereza: wageni watolewe baharini kwanza, mazungumzo ya biashara yafuate baadaye. Kwa maelezo yake, Waingereza walijitoa Umoja wa Ulaya na samaki wao wakarudi nyumbani. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, ninaishi Grimsby, pwani ya mashariki ya Uingereza, na ninakata minofu kiwandani. Kwa heshima zote, mambo hayakwenda hivyo, na tukiyaiga kama alivyoyaandika tutaumia.

Grimsby inaishi kwa samaki. Sehemu kubwa ya samaki wanaosindikwa Uingereza hupitia hapa. Lakini njoo usimame mezani kwetu alfajiri, masanduku yanapofunguliwa na barafu bado imeshikana na magamba, usome karatasi iliyobandikwa ubavuni. Iceland. Sanduku linalofuata, Norway. Cod na haddock, samaki weupe ambao Waingereza huwakaanga na kuwala na chipsi tangu enzi za mababu zao, wengi wao wanatoka maji ya watu wengine. Meli za Grimsby zenyewe karibu zote zimekwisha.

Zilikwishaje? Hapa ndipo mwandishi alipopaswa kuanzia. Meli za Grimsby na za Hull, bandari ya jirani, zilikuwa zikivua karibu na Iceland. Iceland ikasogeza mpaka wake wa uvuvi: maili 12 mwaka 1958, maili 50 mwaka 1972, maili 200 mwaka 1975. Uingereza ikapeleka manowari kulinda wavuvi wake, walinzi wa pwani wa Iceland wakawa wanakata nyaya za nyavu, meli zikagongana. Mwaka 1976 Iceland ilipotishia kufunga kambi ya Keflavík ya NATO, umoja wa kijeshi wa nchi za Magharibi, London ikakubali yaishe. Ukitaka mfano wa nchi iliyodai bahari yake ikaipata, ni Iceland. Nayo haikuishia kwenye kudai: ilihakikisha samaki wake wana pa kwenda, na pa kwenda mojawapo ni Grimsby hii hii iliyoshindwa.

Jirani yangu ni mzee aliyefanya kazi kwenye meli hizo akiwa kijana. Mkono wake wa kushoto una vidole viwili vilivyopinda, vilibanwa na waya wa winchi huko kwenye baridi. Anaamini wavuvi waliuzwa mara mbili: mwaka 1973 nchi ilipoingia Jumuiya ya Ulaya, ambayo tayari ilikuwa imepitisha kanuni ya wanachama kuvua katika maji ya wenzao, na mwaka 1976 Iceland ilipoachiwa. Ilipofika kura ya maoni ya tarehe 23 Juni 2016, alipiga ya kutoka, na katika wilaya yetu karibu asilimia 70 walipiga hivyo. Simlaumu. Aliahidiwa bandari itajaa tena, na aliyeahidiwa hivyo ni mtu aliyeiona ikijaa kwa macho yake.

Sasa tuangalie alichopata. Mkataba wa biashara kati ya Uingereza na Umoja wa Ulaya ulifikiwa mkesha wa Krismasi, tarehe 24 Desemba 2020, siku saba kabla ya kwisha kipindi cha mpito cha kujitoa. Uvuvi, ambao haufiki hata asilimia moja ya uchumi wa Uingereza, ulikuwa miongoni mwa mambo ya mwisho kabisa kukubaliwa. Ulaya ilikubali kurudisha robo ya thamani ya samaki iliokuwa ikivua kwenye maji ya Uingereza, kidogo kidogo kwa miaka mitano na nusu, mpaka tarehe 30 Juni 2026. Wavuvi walikuwa wametaka ukanda wa maili 12 uwe wao peke yao. Hawakuupata. Katika sehemu za kusini boti za Ulaya ziliendelea kuvua kuanzia maili ya sita. Viongozi wa vyama vyao walisema hadharani kwamba wametoswa.

Uchungu zaidi ulikuja Januari 2021. Waingereza wenyewe hawali samaki wengi wanaovua. Kaa, kamba, kombe na vibua husafirishwa kwenda Ufaransa, Hispania na kwingineko. Ghafla kila shehena ikahitaji cheti cha afya chenye sahihi ya mkaguzi, fomu za forodha na ukaguzi mpakani. Mzigo wa kamba wa Scotland uliokuwa ukifika sokoni Ulaya siku inayofuata ukawa unalala njiani. Anayeijua biashara hii hahitaji kuelezwa maana yake: kamba aliye hai ana bei, aliyekufa njiani hana. Tarehe 18 Januari malori ya wauzaji wa samaki yaliingia katikati ya London na kupiga foleni karibu na Bunge kulalamika. Wenye kome na kombe wakapigwa pigo jingine: wakivuliwa kwenye maji yasiyo ya daraja la juu la usafi, hawaingii tena Ulaya wakiwa hai mpaka kwanza wasafishwe kwenye matangi. Watu walikuwa na bahari ile ile na boti zile zile, na hawakuwa na pa kuuza.

Huko Hull, jirani zetu, ilikuwa mbaya kwa namna nyingine. Zamani Umoja wa Ulaya ndio uliojadiliana na Norway kwa niaba ya wanachama wote. Uingereza ikajadiliana peke yake, na mwezi Aprili 2021 mazungumzo yakavunjika. Kirkella, meli kubwa iliyokuwa ikileta cod wa maji ya kaskazini, ikakosa sehemu yake ya kawaida ya kuvua.

Kuna jambo jingine ambalo mwandishi hakuligusa kabisa, na mimi naliona ndilo zito kuliko yote. Bahari ikirudi, inarudi kwa nani? Uingereza hugawa haki ya kuvua kwa mgao, yaani kiasi cha samaki ambacho mtu anaruhusiwa kuvua, na mgao huo kwa miaka mingi umenunuliwa na kuuzwa. Miaka ya 1980 Wahispania walisajili meli zao Uingereza ili wavue mgao wake. Bunge likatunga sheria mwaka 1988 kuwazuia, na Mahakama ya Ulaya ikaipinga. Mwaka 2018 uchunguzi wa shirika la mazingira la Greenpeace ulionyesha kwamba zaidi ya robo ya mgao wote wa Uingereza ilikuwa mikononi mwa familia tano tajiri. Mwenye boti ndogo isiyofika mita 10, na boti za aina hiyo ndizo nyingi zaidi pwani, anapigania makombo. Hilo halikuletwa na Brussels, makao ya Umoja wa Ulaya, wala halikuhitaji kujitoa popote ili lirekebishwe. Serikali ya London ingeweza kuligusa wakati wowote. Ndiyo maana nakasirika ninaposoma kwamba tatizo lote la mvuvi ni mgeni.

Tarehe 19 Mei 2025 Uingereza na Umoja wa Ulaya walikaa tena. Boti za Ulaya zikaongezewa miaka 12, mpaka tarehe 30 Juni 2038. Uingereza nayo ikapata ahadi ya kufikia makubaliano ya kupunguza vyeti na ukaguzi wa vyakula mpakani, na serikali ikatangaza mfuko wa pauni milioni 360 kwa ajili ya pwani. Watakaonufaika zaidi na mpaka mwepesi ni wafugaji wa samoni wa Scotland, ambao wateja wao wakubwa wako Ufaransa, na wenye kome na kombe. Mvuvi wa nyavu ndiye aliyetolewa kafara ili hao wapite. Wengine wanaona ni haki, wengine wanaita usaliti. Mimi naona ni kilekile walichokikataa mwaka 2020, kuzungumzia samaki na soko pamoja, isipokuwa sasa wamelipa bei kubwa zaidi.

Na sisi tulikwisha kupewa somo hili mapema. Waulizeni watu wa Mwanza. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulisimamisha kununua samaki wa Ziwa Victoria kutoka Uganda, Kenya na Tanzania kwa hofu ya samaki waliovuliwa kwa sumu. Sangara walikuwepo ziwani, ziwa lilikuwa letu, hakuna mgeni aliyelidai. Viwanda vilikwama hivyo hivyo. Kenya nayo haikungoja: ilitia saini mkataba wake wa biashara na Uingereza tarehe 8 Desemba 2020, wiki mbili kabla ya ule wa Ulaya, ili maua na mboga zake zisianze kutozwa ushuru mwaka mpya. Biashara kwanza, si baadaye.

Sisemi tuwaachie wageni bahari kuu. Jodari wanaovuliwa mbele ya pwani yetu na meli za kigeni, kina mama wa soko la Deep Sea pale Tanga hawawaoni, na hilo linaniuma tangu niko binti. Lakini leseni ikitolewa nataka kujua samaki watashushwa bandari gani, nani atawasindika, ni maabara ipi ya kwetu ambayo cheti chake kitakubaliwa huko wanakokwenda, na hiyo leseni imeandikwa jina la nani. Namwomba mwandishi aeleze hayo kwenye safu yake ijayo, kabla hajatuambia tena tumfukuze mtu.

Mzaliwa wa Tanga,
Grimsby, Uingereza